Besi ya Mtani Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupiga noti hata moja. Nilipewa nyundo na patasi nifungue makasha matatu yaliyoshushwa kutoka kwenye gari la moshi, stesheni ya Tabora, yakiwa yameandikwa kwa rangi nyeusi kwamba yasipinduliwe. Yote matatu yalikuwa yamepinduliwa. Wakati huo nilikuwa seremala katika karakana ya reli, kijana wa Kimoraviani kutoka Ipole, na Bwana Mhandisi, Mwingereza aliyekuwa mkuu wetu, alinichagua mimi kwa sababu aliambiwa kwamba kanisani kwetu nilipiga tarumbeta na nilijua kusoma noti.

Ndani ya makasha tulikuta pao za chuma zinazong'aa, mirija, kamba, na mota ndogo iliyofungwa kwa blanketi.

"Elia, wewe jua hii kitu?" aliniuliza.

"Marimba, Bwana."

"Marimba ya babu yako hapana tumia umeme. Hii vibrafoni. Panga."

Nikapanga. Ilinichukua siku mbili, na ilipofika jioni ya pili nilikuwa najua kila skrubu yake. Vijana mnaosoma haya hamjaiona, kwa hiyo nieleze. Vibrafoni ni marimba ya chuma yenye pao thelathini na saba, zimepitishiwa kamba na kupangwa kama vitufe vya piano. Chini ya kila pao pana mrija, na juu ya mrija pana kisahani kinachozungushwa na mota. Kisahani kikizunguka, sauti hutetemeka. Chini kabisa pana kanyagio: ukilikanyaga sauti inabaki ikielea, ukiliachia inakatika. Wanaoanza hudhani kazi iko mikononi. Kazi iko mguuni.

Pao moja ya chini ilikuwa imekosa sauti yake, kwa sababu Bwana Mhandisi aliwahi kuipiga tupa kwa haraka zake. Alitaka kuiagiza nyingine Ulaya. Nilimwomba siku chache, nikatuma kwetu Ipole, nikaletewa donge la nta ya nyuki. Nikaibandika kidogo chini ya pao, katikati, nikipunguza na kuongeza kwa ukucha mpaka sauti ikakaa. Bwana Mhandisi alisikiliza, akacheka, na kuanzia siku hiyo akanifundisha kupiga. Nami nimerekebisha vyombo kwa nta hadi nilipostaafu, na sijawahi kuona aibu.

Alikuwa mwalimu mkali asiyetukana. Nilikuwa na mikono miepesi, nikijaza kila nafasi kama mtu anayepakia gunia la karanga. Alikuwa akinisimamisha kwa kuzima mota.

"Elia, wewe kimbia wapi? Treni hapana ondoka."

Alikuwa na sahani za santuri za jazi mpya, ile ya kukaa na kusikiliza, watu wanne wakiongea kwa zamu bila kukatizana. Nilizisikiliza kwenye baraza ya nyumba yake kila Jumapili baada ya ibada. Mzee wangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alipopata habari aliniandikia barua ndefu yenye mistari mingi ya Biblia na hakuna salamu. Miaka mitatu baadaye Bwana Mhandisi alihamishiwa nchi nyingine. Chombo akakiacha klabu ya Wazungu, na mimi nikaachwa nacho, kwa cheo walichokibuni siku hiyo hiyo: Fundi wa Vyombo na Kiongozi wa Muziki. Nilipewa koti jeusi. Mlango wa kuingilia ulikuwa ule wa jikoni.

Bosi wangu wa pili alikuwa Bwana Katibu wa Klabu, mtu wa hesabu, mwenye kofia kubwa kuliko sauti yake. Aliniagiza nitafute watu watatu niunde kwarteti, yaani bendi ya watu wanne. Kinanda alipiga karani mmoja Mgoa wa ofisi ya mizigo, tuliyemwita Karani tu, mtu mpole aliyekunja mikono ya shati kwa vipimo. Ngoma alipiga Ramadhani, mzaliwa wa Tabora mjini, aliyejifunza kutumia brashi badala ya fimbo hadi ngoma zake zikasikika kama mtu anayefagia uani. Aliyebaki kupatikana alikuwa mpiga besi.

Besi kubwa ni lile zeze la mtu mzima, refu kuliko mpigaji, linalopigwa kwa kusimama. Mjini lilikuwako moja, katika ghala la klabu, na mtu aliyejua kulipiga alikuwa mmoja: Ndahani, Mgogo wa Saranda, mfanyakazi wa reli upande wa simu. Nilimfuata kazini kwake asubuhi moja. Nilipojitaja tu kwamba ni Mnyamwezi, akaweka chini vifaa vyake.

"Mbukwa, punda wa misafara!" akanisalimu. "Babu yako alipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, akanywa maji yetu, akaondoka bila kulipa hongo. Umeleta?"

"Babu yako aliuza matope akiyaita maji," nikamjibu. "Chukua besi twende."

Hapo ndipo urafiki ulipoanza, kwa matusi. Msiojua utani mtashangaa. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita nchi yao kwenda pwani na kurudi, wakigombana kwa maji na hongo, ule ushuru wa kupita, hadi ugomvi ukachoka ukageuka mzaha. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukutangazia kifo ungali hai, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umevunja jambo kubwa kuliko wewe. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kuwachekesha wafiwa, kwa sababu ndugu hawawezi.

Ndahani alinitoza hongo kila wiki. Wiki hii asali, wiki ijayo tai yangu. Akiingia mazoezini alikuwa akiniambia, mbele ya Karani aliyekuwa haelewi kitu, kwamba marimba yangu yanalia kama masufuria ya mjane. Lakini tukianza kupiga alikuwa mtu mwingine. Mimi niliimba wimbo kwa pao chache, nikiacha nafasi kama nilivyofundishwa, naye hakuijaza nafasi ile. Aliweka noti moja nzito chini yake, kisha nyingine, ili nafasi isianguke. Vibrafoni bila besi huning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Wengi walinisifu mimi kwa sababu chombo changu kilimeta. Nilijua sifa ni ya nani, na sikumwambia, kwa sababu mtani humwambii jambo la namna hiyo.

Tulipiga miaka sita. Jumamosi alasiri tulikuwa klabuni wakati wa chai. Jumapili tulikuwa katika ukumbi wa jamii wa Waafrika, ambako watu walitaka dansi nasi tukawapa nyimbo za taratibu. Bibi mmoja aliinuka katikati ya wimbo akauliza, "Jamani, nani anaumwa?" Ukumbi mzima ulicheka, na Ndahani ndiye aliyecheka zaidi. Lakini bibi yule alirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Tulipelekwa pia Urambo, kwenye mashamba makubwa ya karanga, kuwapigia mafundi wa matrekta. Huko umeme ulitoka kwenye jenereta, na kila ilipokohoa, visahani vyangu vilipunguza mwendo, sauti ikalegea. Ndahani alipunguza mwendo pamoja nayo, Ramadhani naye akamfuata, na mafundi wakadhani tumepanga.

Mara ya kwanza alipokufa alikuwa likizo kwao. Ilikuja simu ya maandishi stesheni: PUNDA NIMEKUFA JUMANNE LETA ASALI. Nilijua ni utani, lakini moyo haukutulia. Nilipanda gari la moshi na kopo la asali hadi Saranda, nikatembea kwa miguu hadi kwao, nikamkuta amekaa kivulini anakula. Mkewe, Mama Chiku, alicheka hadi akajishika mbavu. "Punda amefika na mzigo!" alisema. Nilirudi Tabora bila asali na bila kofia. Nililipiza: likizo yake iliyofuata nilitangaza stesheni kwamba Ndahani amefariki, na aliporudi alikuta makuli wamemchangia sanda. Aliitumia kama shuka mwaka mzima. Mara ya pili alipokufa kwa simu sikwenda. Akaja mwenyewe, akanilaumu mbele ya watu kwamba Mnyamwezi haziki hata mtani wake.

Sasa nifike penye kuniuma.

Mwaka wa sita, Bwana Katibu aliniita ofisini, akaniambia nikae, jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi Bwana PC anafanya chai ya bustani. Atakuwapo mgeni kutoka Dar es Salaam, bwana wa redio. Akipenda, mtakwenda Dar kurekodiwa."

Bwana PC ndiye aliyekuwa mkubwa wa jimbo zima. Na redio, kwa watu kama sisi, ilikuwa jambo la kuota. Niliota kwa siku nyingi. Niliona mzee wangu kule Ipole akikaa mbele ya redio ya mtu na kulisikia jina langu, na pengine akaniandikia barua yenye salamu.

Wiki ya chai Ndahani alikuwa likizo kwao, lakini aliahidi kurudi kwa gari la Ijumaa. Alhamisi asubuhi tarishi wa stesheni aliniletea simu. Iliandikwa: ELIA NINAUMWA NJOO. NDAHANI.

Nilicheka. Nilimwonyesha Ramadhani, naye akacheka. Tukasema, huyu anajua tuna chai ya Bwana PC, anataka kunitia hofu nipande gari, tupishane njiani, yeye ashuke Tabora kesho akinicheka. Gari la kwenda upande wake lilikuwa linaondoka adhuhuri ile, na lingine halikuwapo hadi wiki ijayo. Nilikwenda hadi dirisha la simu nikaandika jibu langu kwa penseli ya karani wa simu: KUFA KWANZA NITAKUJA KUZIKA. Karani huyo wa simu alisoma akatabasamu. Yeye pia alimjua Ndahani.

Nimeeleza jinsi tulivyocheka. Nieleze pia ambacho sikumweleza Ramadhani. Simu zake zote za mzaha aliniita Punda. Hakuna hata moja aliyoniita kwa jina langu la ubatizo, na hakuna iliyokuja bila kuomba asali au kofia. Hii ilikuwa na jina langu, na haikuomba kitu. Niliona hayo nikiwa nimesimama pale dirishani, penseli mkononi. Niliyaona, nikayapita. Nilitaka iwe mzaha, kwa sababu ingekuwa kweli, basi nisingekuwapo bustanini kwa Bwana PC. Mtu anayekwambia alidanganywa na utani, muulize alikuwa anataka nini siku hiyo.

Ijumaa gari likaja bila Ndahani. Nikasema amechelewa. Jumamosi tulipiga tukiwa watatu. Niliweka kanyagio chini muda mrefu kuliko kawaida, ili sauti ifunike pale pasipo na besi, na Karani alijitahidi kwa mkono wa kushoto hadi jasho likamtoka. Wageni walipiga makofi. Bwana wa redio alikuja akanishika mkono.

"Vizuri sana," alisema kwa Kiswahili safi. "Lakini kuna mtu hayupo, sivyo?"

"Yuko njiani, Bwana," nikasema.

"Akifika, niandikieni. Nitawaita wote wanne."

Jumatatu ikaja simu ya pili. Ilitoka kwa kaka yake Mama Chiku. Ndahani alifariki Ijumaa kwa kichomi, amekwisha zikwa.

Nilifika Saranda siku ya matanga. Njia ile ya kutoka stesheni niliipita nikitafuta maneno ya kusema, ya kuomba radhi, na sikuhitaji hata moja. Waliponiona tu wakapiga kelele. "Huyo! Huyo ndiye aliyesema kufa kwanza!" Simu yangu ilikuwa imesomwa kwa kila aliyekuja msibani. Wazee walikuwa wakiikariri, wakifuta machozi kwa kucheka. Hakuna aliyenitazama vibaya. Walisema Mnyamwezi huyu ndiye mtani wa kweli, amemjibu mtu akiwa kitandani.

Kisha wakaniletea koti lake jeusi, lile la bendi. Kwao, kama kwetu, mtani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili watu wamwone kwa mara ya mwisho. Nililivaa. Mikono ilinizidi. Wakanipa mchi wa kinu badala ya besi, nikausimamisha mbele yangu, nikainamisha shingo upande wa kushoto kama alivyofanya, nikapepesa macho, nikaanza kupiga hewani kwa vidole. Nilimjua mno, vijana. Nilijua wapi alikuwa akikunja uso na wapi alikuwa akitoa ulimi. Watu walicheka wakaanguka. Mama yake mzee alicheka, akasema, "Ndiye, ndiye kabisa." Nami nilikuwa nalia, na walidhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kucheka.

Kwarteti haikuendelea. Bwana Katibu alinitafutia mpiga besi kutoka bendi ya polisi, kijana mzuri, mwenye noti nyingi. Baada ya wiki mbili nilimwambia arudi kwao. Bwana wa redio sikumwandikia. Karani alihamishwa Mwanza, Ramadhani akaingia bendi ya dansi na akafanikiwa, nami nilifurahi kwa ajili yake. Uhuru ulipokaribia, klabu ilianza kuuza vyombo vyake, na vibrafoni ikanunuliwa na mtu wa Nairobi. Niliifunga mwenyewe katika makasha, mota ndani ya blanketi. Nikawa fundi wa vinanda vya makanisa na shule, kazi niliyoifanya hadi macho yaliponikataza. Wamoraviani, Wakatoliki, hata wale wa kanisa dogo la kijijini Ziba waliokuwa na kinanda kimoja cha kupuliza kwa miguu, wote niliwahudumia, na wote walinilipa heshima yangu. Mzee wangu alinisamehe kabla hajafa, akidhani kosa langu lilikuwa jazi.

Watu huniuliza kama nimeridhika na kazi yangu. Kazi ilikuwa nzuri. Ningependa kijana mmoja tu wa leo ajue kuachia kanyagio kwa wakati, maana ninyi mmejaza kila mahali spika. Lakini mtu haridhiki kwa sababu ya kazi peke yake.

Mwaka niliostaafu nilikwenda tena Saranda. Mama Chiku alikuwa hai, mzee kama mimi, amekaa uani anachambua karanga. Nilimwamkia, akaniita punda, akaniuliza hongo iko wapi. Nikamwekea asali. Kisha nikauliza lile ambalo sikuwahi kuuliza: simu yangu ilipofika, Ndahani alikuwa bado ana akili zake?

"Alikuwa nazo," alisema. "Kaka yangu alimsomea. Alicheka. Kisha akasema, 'Basi haji.' Akageukia ukutani."

"Alitaka nini kwangu?"

"Kukuona tu."

Aliendelea kuchambua karanga. Nilikiri kwamba nilijua haukuwa mzaha. Nilimweleza kuhusu jina langu kwenye ile simu, kuhusu bustani ya Bwana PC na redio. Nikamwambia, "Shemeji, sikuja kwa utani leo. Nilaumu. Nitukane kwa kweli, halafu unisamehe."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane sikuona mzaha usoni mwake.

"Ungekuwa ndugu yetu ningekulaumu," alisema. "Mtani halaumiwi, Elia. Kwa hiyo hakuna wa kukusamehe."

Akainuka kwa shida, akaenda jikoni kunisongea ugali.